Ndoana Zilizopita Motoni

Ifakara, Jumamosi mchana

Longino mwanangu,

Wewe na baba yako mmetoka kwenda kuwaaga watu wa jumuiya, na najua hamtarudi mapema maana pale kwa katekista chai haikosekani. Mimi niko hapa sokoni kwenye meza yangu. Hii mvua ya mwisho mwisho ya masika imefukuza wateja wote. Nimefunika ndoana na nyuzi kwa turubai, nimekalia ndoo, ninaandika. Kesho alfajiri unapanda basi la Mikumi, kisha Iringa, kisha Mtera, na pale stendi hatutaweza kusema kitu cha maana. Utapandisha begi, nitakuuliza kama umekunywa uji, kondakta atapiga bodi, basi.

Habari za chandarua, dawa, soksi na kuwaamkia watu sitaziandika. Nimezisema wiki nzima mpaka baba yako ameomba niyapumzishe masikio yake. Nataka kukueleza jambo moja tu, kwamba moyo wangu umetulia. Najua hutaamini. Mimi ndiye niliyekukataza hata kunawa miguu mtoni, na leo unakwenda kuvua kwenye bwawa ambalo sijawahi kuliona kwa macho, halafu nasema nimetulia. Soma mpaka mwisho ndipo ucheke.

Nianze na ule moto, maana ndiko mambo yalikoanzia.

Ulikuwa hujaanza shule. Wakati huo meza hii haikuwepo. Kiangazi tulikuwa tunahamia kambini wote, baba yako anavua, mimi nabanika samaki kwenye chanja, wewe unafukuza kunguru na kuwaachia wale unaowapenda. Sasa kule kambini nyuzi za nailoni zilikuwa zinasokotana na ndoana zikiwa ndani yake, fungu zima kama kichwa cha mwendawazimu. Kila mtu alikuwa anakaa chini kuzikata moja moja na kisu, siku inaisha na vidole vinatoka damu. Mimi nikajiona nina akili kuliko kambi nzima. Nikalitupa fungu letu chini ya chanja, kwenye makaa. Nailoni ikaungua yote. Asubuhi nikachambua majivu, nikaokota ndoana zangu safi, hazina hata kipande cha uzi. Nikazipaka mafuta ya samaki, nikampelekea baba yako kwa maringo.

"Nyinyi mnahangaika bure," nikamwambia.

Akachukua moja, akautazama ule weusi wake, akasema taratibu, "Mama Longino, umezipika."

Nikamjibu chuma hakipikwi. Kumbe kinapikwa. Ndoana inatoka kiwandani imeshapita motoni ikakomaa, na wewe ukiirudisha kwenye makaa yako ya kambale unautoa ukomavu wake wote, inabaki waya. Ukiitazama huioni tofauti sana. Ncha ni ile ile, tundu la kupitishia uzi ni lile lile. Lakini kambale mwenye nguvu akiivuta inafungua mdomo na yeye anakwenda zake.

Baba yako hakuwa na fedha za kununulia nyingine mpaka tuuze samaki, kwa hiyo alizitumia hizo hizo. Unamjua alivyo, hagombi. Kila jioni alikuwa anarudi na moja iliyonyooka, anaiweka kando ya sahani yangu ya ugali. Nilikuwa natamani anitukane nipumue. Nilikula ugali na ndoana zangu kando hivyo siku nyingi, na mjomba wako Kasiani anajifanya anakohoa ili asicheke.

Siku yenyewe unaikumbuka vibaya, watu wamekusimulia mno. Mimi niliona. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Baba yako alikuwa ameketi ukingoni anashona wavu, na mshipi mmoja ameuzungusha kwenye kifundo cha mguu kama walivyozoea wote pale kambini, ili samaki akigusa ajue bila kuacha kazi yake ya mikono. Wewe ulimtazama, kama mtoto anavyomtazama baba yake. Ukaenda kwenye kikapu ukachukua uzi mnene, ukachukua ndoana, ukapachika utumbo wa samaki, ukatupa. Kwa kuwa mguu wako ulikuwa na kidonda, ukafunga mkononi. Ukafunga na fundo zuri kabisa, lile alilokufundisha yeye.

Nilikuwa nageuza samaki. Sikusikia kelele. Nilisikia majani yanalala, nikageuka, nikakuona umelala kifudifudi unateleza kuelekea majini, mkono umetangulia mbele. Hukulia hata kidogo. Baba yako alijirusha akakukosa. Maji yalikuwa yamekufika kifuani, kisha ukasimama. Ukasimama tu hapo hapo, uzi umelegea unaelea. Tukakuvuta, ngozi ya kifundo cha mkono imechubuka kuzunguka yote, hilo kovu ulilonalo. Baba yako akauvuta ule uzi ili aone. Ndoana ilikuwa imenyooka kama sindano ya kushonea gunia.

Yeye anasema alikuwa mamba. Kasiani anasema alikuwa samaki tu, kitoga mkubwa, wanakua mpaka kumzidi mtoto. Mimi sikutaka kujua na mpaka leo sitaki. Ninachojua ni kwamba ndoana ile ilikuwa nyeusi. Ilikuwa ya majivuni. Baba yako aliigeuzageuza kwenye kiganja, akanitazama, akaketi kwenye matope akaanza kucheka huku machozi yanamtiririka, na mimi nimekukumbatia, sijui nicheke au nimpige. Tangu siku hiyo hajaweka tena kitu kando ya sahani yangu.

Sasa usije ukafika Mtera ukawaambia watu kwamba mama yako anasifu ndoana laini. Ndoana kazi yake ni kushika, na ile haikufanya kazi yake. Ingekuwa ndoana nzuri, sisi tungekuwa tunakusomea misa kila mwaka. Nimefikiri sana jambo hili nikiwa nimekaa hapa, maana siku za mvua mtu hana lingine. Mungu alitumia ujinga wangu, namshukuru, lakini sitaki wewe utegemee ujinga tena. Kosa halikuwa ugumu wa ndoana. Kosa lilikuwa mkono. Funga kwenye mti, funga kwenye kigingi cha mtumbwi, funga popote pale ambapo ukipoteza utanunua kingine.

Watu huniuliza kwa nini mama aliyepatwa na hayo akaja kuuza ndoana. Jibu langu ni kwamba tulikuwa tunataka kula, na mimi ndoana nilikuwa nimezijua kwa kuziharibu. Nilipoanza meza hii bado sikuwa nimeerevuka. Unaikumbuka ile shehena niliyoleta kutoka Morogoro mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, zinang'aa kama hereni, boksi lina picha ya samaki anaruka. Bei yake ilinipendeza mpaka nikaimba njiani. Nikazipanga hapa mbele kabisa. Wavuvi wakanunua kwa kung'aa kwake kama mimi nilivyonunua, na wiki haijaisha wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mzee mmoja wa Kivukoni alinimwagia zake mezani akasema, "Mama, hizi zitundike masikioni, samaki wamezikataa."

Niliona haya, mwanangu. Ndiyo siku nilipomwomba baba yako aketi anifundishe tangu mwanzo, kama mtoto wa darasa la kwanza, na wewe ulikuwa umekaa pale pale unakula mhindi unajifanya husikilizi. Unaweka ncha juu ya ukucha wa kidole gumba, unavuta polepole bila kukandamiza. Ikiteleza, irudishe. Ikikwaruza na kuacha mstari mweupe, hiyo ina makali. Halafu unaipachika kwenye kipande cha mti unaivuta kwa koleo. Ile mbaya ama inafunguka na kubaki hivyo, ama inakatika pale kwenye pindo kama kijiti kikavu. Nzuri inakubali kidogo, ukiiachia inarudi. Sijawahi kupata maneno bora ya kuieleza kuliko hayo ya baba yako, inakubali kidogo na inarudi.

Na ya bei, nikuambie nilivyojifunza mimi muuzaji, ambaye ingenifaa ukanunua nyingi. Nunua chache zilizo nzuri. Ndoana inayoharibika kila siku hairahisishi kitu, inakupotezea samaki, chambo na usiku wako mzima. Lakini ile ya ghali kuliko zote nayo usiikimbilie kwa kuwa ni ghali. Iweke kwenye ukucha kama zile nyingine. Makali yakipungua piga tupa kidogo, usiinoe kila siku kama mwanamke mwenye hasira na kisu, itakwisha ncha. Haya unayajua. Nayaandika kwa sababu naona raha kuyaandika.

Sasa nije kwenye lile ambalo ni langu peke yangu, baba yako hakushiriki.

Baada ya kambi ile nilikutoa mtoni kabisa. Kiangazi tukawa hatuhami tena, nikakupeleka Mbingu kwa mjomba Kasiani kwenye mashamba ya mpunga. Hapo hapana kosa, mama yeyote angefanya hivyo. Kosa langu lilikuwa mdomo. Mtu akiuliza kwa nini Longino haendi na baba yake kuvua, mimi nilikuwa najibu, "Huyu anaogopa maji." Nimelisema hilo kwa majirani, kwa shangazi zako, kwa wateja hapa mezani, na wewe umesimama kando yangu umeshika kapu. Hukuwa unaogopa maji, Longino. Wiki ile ile ya ajali ulikuwa unataka kurudi kutafuta uzi wako. Aliyekuwa anaogopa ni mimi, nikaona afadhali hofu iitwe yako. Na mtoto ukimwambia kila siku kwamba yuko hivi, atakuwa hivyo ili akuridhishe.

Niliona matunda yake tulipokwenda kwenye msiba upande wa Lupiro, umeshafika darasa la saba. Tulipanda pantoni na watu wengi. Ilipoachana tu na ukingo, ulinishika kitenge kwa mikono miwili ukafumba macho. Kijana mkubwa hivyo, na wenzako wa kwaya wanaona. Walicheka. Mimi nikasimama pale na mikono yako kiunoni kwangu, nikajua kwamba hii kazi ni ya mikono yangu. Nilikuokoa na maji halafu nikakuharibu. Miaka yote iliyofuata nimelala na neno hilo, na sikumwambia hata baba yako. Nilikuwa namtazama mwanangu mrefu, mwenye nguvu, hapiti daraja la magogo bila kutoa jasho, katika bonde ambalo nusu ya mwaka ni maji, nikawa najiuliza ataishije hapa, na ataoa nani, na atawaambia nini watoto wake.

Ndiyo maana ile jioni ya mwaka jana nilikuwa vile. Ulikuwa umetoka Mbingu, wewe ulisema, kupalilia mpunga kwa mjomba. Umekaa unamenya chungwa, na mimi macho yangu yakaangukia kidole chako gumba. Ukucha mzima una mikwaruzo, mistari myeupe imepita hivi na hivi kama ubao wa mwalimu uliofutwa vibaya. Mimi nauza ndoana, za namba zote. Ukucha kama huo nauona kila siku upande wa pili wa meza hii.

"Longino, hebu nione hicho kidole."

"Ni jembe, Mama."

"Jembe la namba ngapi?"

Baba yako akainuka ghafla kwenda kuangalia kuku, na kuku walikuwa wamelala zamani. Hapo nikajua kwamba mpo wawili. Nikamwita arudi. Mkanieleza yote mkiwa mmesimama kama washtakiwa, kwamba tangu kiangazi kilichopita Mbingu mlikuwa mnapita tu kumsalimia mjomba, halafu mnakwenda mtoni. Kwamba wewe ndiye uliyemwomba. Kwamba mara ya kwanza ulikaa katikati ya mtumbwi umeshika pande zote mbili, ukatapika, ukamwambia baba yako asigeuze.

Mlidhani nitawaka. Na niliwaka kidogo, najijua, sufuria zilipigwa pigwa. Nilimwambia baba yako ananifanya mjinga katika nyumba yangu, naye akajibu, "Mtoto akililia wembe mpe." Nikamwambia wembe unakata kidole, mto unachukua mtu mzima. Lakini nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye kinu, na wote mlidhani nalia kwa hasira. Nilikuwa nalia kwa kufurahi. Sikuwa nimekuharibu. Au nilikuwa nimekuharibu, nawe ukajitengeneza mwenyewe, ukiwa na ukucha wako na matapishi yako, bila kuniomba ruhusa. Mwanangu, sijui kama utapata kuelewa jinsi mzigo unavyotoka mgongoni kwa mtu siku moja, baada ya kuubeba mpaka akasahau kwamba amebeba. Usiku ule nilikula vizuri kuliko ninyi.

Kwa hiyo baba yako mdogo alipoandika kwamba kule Mtera anatafuta kijana wa kuaminika wa kuvua naye, nilikataa kwa desturi tu. Mama lazima akatae kwanza. Uliniona nilivyokataa siku mbili kisha nikaanza kuuliza kama kule kuna baridi.

Bwawa silijui. Wanasema lina upepo, linachafuka ghafla, halina mkondo wa kukuonyesha njia kama mto wetu. Usiende na ujuaji wa Kilombero. Kuna watu wamezeeka pale, waamkie, waulize, hata kama wanafanya kinyume cha baba yako. Labda hata ndoana zao ni za namba nyingine kwa sababu samaki wao ni wengine. Na ukikosea, kosea kwa sauti, mtu aone akusaidie. Mimi nilipokosea kimya kimya ndipo nilipokawia kupona. Ukiogopa, sema naogopa, usimsingizie mtu mwingine kama nilivyokusingizia wewe. Hilo ndilo nililokuwa nataka kulitubu, na sasa nimeshaliandika, limekaa.

Limebaki moja dogo.

Jumatano tulipokwenda kumuaga bibi yako ng'ambo, hukutaka tungoje pantoni. Ulisema utanivusha mwenyewe, na baba yako akasingizia mgongo ili abaki. Mto unajua ulivyo mwezi huu, umejaa, maji mekundu, magogo yanapita. Niliingia nikaketi katikati kwenye kibao, nimejifunga kitenge vizuri, na wewe umesimama nyuma na upondo. Mimi sijawahi kuvuka mto ule nikiwa mtu wa kawaida. Hata akiendesha baba yako, mimi ndiye namwendesha, tazama kule, gogo hilo, pinda, mpaka tufike nimechoka kuliko yeye.

Tulipogusa ng'ambo uliniita mara mbili, "Mama, tumefika." Nikafumbua macho, nikakuambia kwamba nilikuwa nasali rozari, na wewe ukaniheshimu ukanyamaza mpaka nikashuka.

Sikuwa nasali, Longino. Nilikuwa nimelala.

Mimi mama yako,
Mama Longino